Anga Lililokaa Chini ya Kitanda cha Mama

Mimi hakuna kinachoweza kunishangaza. Nilianza na beseni la ndala za mtumba kichwani, leo nina Fuso mbili, duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ambayo geti lake linafunguka lenyewe. Darasa la saba nilimaliza, cheti sijui hata kiliko. Nimeona saruji ikipanda bei asubuhi na kushuka jioni. Nimeona wenye digrii wakija kunikopa mabati. Nikasema basi, dunia imenionyesha yote, sasa inarudia tu.

Halafu binti yangu Neema, anayesoma chuo kikuu Mzumbe kwa jasho langu, akaja likizo na kompyuta niliyomnunulia. Kutwa nzima anacheza mchezo wa anga: sayari, meli zinazoruka, majeshi, hazina. Nikawa napita nyuma ya kiti chake kama sitaki, nachungulia. Mtoto alikuwa anateka kweli, damu yangu hiyo. Kila nikipita, rangi yake imeongezeka kwenye ramani. Jumapili moja tumetoka kanisani, nakuta kompyuta imefunikwa na yeye yuko kibarazani anakata kucha.

"Umeshinda?"

"Sijamaliza, baba."

"Nani kakushinda?"

"Hakuna. Hamu tu imeniisha."

"Hamu imekuisha na umebakiza kidogo vile?"

"Ndiyo hapo na mimi najishangaa."

Nilikuwa nimeshajiandaa kumpa maneno yake. Watoto wa siku hizi hata soda hamuimalizi, mnaiacha nusu inapata moto juani. Mdomo nimefungua kabisa. Lakini nikakaa chini. Maana jambo hilohilo lilinipata mimi nikiwa mdogo kuliko yeye, na mpaka leo sijalielewa.

Enzi zetu, ninyi mliokulia Morogoro miaka ile ruksa ya biashara inaingia, mnakumbuka. Jana yake tulikuwa kwenye foleni ya sabuni tangu alfajiri, tumeweka mawe kutushikia nafasi. Leo yake maduka yamejaa biskuti za bati, mafuta ya nywele yananukia mpaka barabarani, na kila mwenye kijora chake anatandika chini anauza. Baba alikuwa fundi mashine kiwanda cha nguo. Mama akaanza kufungua belo la mitumba. Wale waliowahi kusimama belo linapokatwa kamba wanaijua ile harufu: dawa ya nondo, vumbi na kabati la mtu wa mbali. Tuliiita harufu ya Ulaya, tukaivuta kwa nguvu kana kwamba ingeisha.

Siku moja, chini kabisa ya belo la makoti ya watoto, likatoka boksi. Limebonyea upande mmoja, juu limechorwa meli ya moto ikipita kati ya nyota. Ndani mna karatasi kubwa nyeusi ya kukunjua, ina vyumba vyumba kama sega la nyuki, na kila sayari ina rangi yake. Kuna meli ndogo za plastiki za rangi nne. Kuna dadu lenye pande nyingi mpaka likitupwa halijui lisimame wapi. Na kuna kitabu cha sheria. Tulikipeleka misheni kwa padri, Mzungu mzee, akakigeuza juu chini na kusema, "Lugha hii siyo ya kwetu." Mama aliliweka boksi mbele ya meza yake sokoni wiki nzima, hakupata hata wa kuuliza bei. Akatutupia.

Sisi tulikuwa watatu. Mimi, meli nyekundu. Dismas, mtoto wa shangazi yangu, meli za bluu. Huyu alishushwa kutoka Kinole mlimani aje asome mjini, tukalala kitanda kimoja, miguu yake usoni kwangu. Na Tatu wa jirani, binti wa dereva wa malori ya miwa, meli za kijani na mdomo wa hakimu. Nyeusi hazikuwa na mtu.

Sheria tukatunga wenyewe. Sayari tukazipa majina ya kwetu: Mlali, Mindu, Bondwa. Tatu akaleta soko: ukitaka kubadilishana meli kwa sayari unapiga kelele "Ruksa!" na mwenzako akijibu, imekwisha hiyo. Dismas akaleta ya mlimani, kwamba meli ikipumzika kwenye sayari ya mtu italipa ngoto, ile shukrani ya kuazima shamba la watu. Tulilipana visoda vya chupa. Mimi nilileta vita.

Tulikuwa tumetandaza anga letu juu ya mlango wa zamani, mbao tupu. Jumamosi tunauvuta toka chini ya kitanda cha mama, tukimaliza tunausukuma ndani. Meli zikawa zinateleza, basi tukazigandisha kwa ugali. Akili hiyo ilikuwa yangu na niliringa nayo sana. Jumamosi iliyofuata tunavuta mlango, meli zimelala chali, nyingine zimehama nchi, na moja ya Dismas imegugunwa pua. Panya walikuwa wamekula gundi.

"Hapa hakuna kurudisha," Tatu akasema. "Panya nao wamecheza zamu yao. Wao ndio weusi."

"Panya watacheza vipi na mtoto wa mtu?" nikauliza.

"Mbona wamekunyang'anya Mindu? Kama huwawezi sema, usilie."

Ikawa sheria. Kila wiki tunavuta mlango mioyo inadunda, kuangalia panya wameamuaje. Mama anapita na mwiko: "Fagieni na hilo anga lenu, linanuka." Vita ile tuliianza mvua za masika, tukaenda nayo kipupwe, vuli, ikakuta masika nyingine. Siku hizi mtoto akipewa kitu cha kusubiri mpaka Jumamosi atasema anaumwa.

Sasa mtauliza, kwa nini mimi nilitaka anga lote. Dismas alitosheka na sayari chache, Tatu alipenda kuamua kesi. Mimi nilitaka kila chumba cha lile sega. Nieleze, na mkielewa ninyi mnieleze na mimi.

Likizo baba alitupandisha Kinole kwa mama yake. Gari la mizigo mpaka barabara inapokoma, kisha miguu, utelezi, ndizi zimetundikwa ukungu, mdalasini unanukia hata kabla hujaonja kitu. Bibi anatuanikia iliki kwenye ungo, anatukatia fenesi, mikono inanata siku mbili. Jioni moja akanyoosha kidole: "Kuanzia mgomba ule mpaka kijitoni, ya kina Dismas."

"Na mimi, bibi?"

"Wewe ni mjukuu wangu," akasema, akanipapasa kichwa. "Lakini kwenu ni kwa mama yako."

Ndivyo ilivyo kwetu Uluguru, ardhi inafuata tumbo la mama. Dismas mama yake ni wa pale, mimi baba ndiye wa pale. Sawa. Lakini mama yangu ni Mngoni wa Songea. Likizo iliyofuata tukaenda kwao, mjomba akatembea nami mashambani, mahindi mpaka macho yanachoka. Nikamuuliza. Akacheka kwa upendo kabisa: "Mwanangu, huku kwetu mtoto hufuata baba. Kwenu ni Morogoro." Nilirudi garini nimekaa kati ya baba na mama, nikiwaangalia kwa zamu. Hakuna aliyeniambia neno baya. Kila mtu alinipenda, na kila mtu alinielekeza kwa mwingine. Nilipomuuliza baba, alisema, "Sheria sikuitunga mimi," akaendelea kukaza nati ya baiskeli.

Basi nikaliteka anga. Tatu nilimmaliza wa kwanza; akahamia kwa panya, akawa jemadari wao. Dismas nikamsukuma, leo moja, kesho moja, mpaka akabaki na sayari ndogo ya njano pembeni kabisa, karibu na ukingo wa mlango. Aliipa jina Kwa Bibi. Nilikuwa silali vizuri kwa kuifikiria.

Wakati huohuo kiwandani mambo yakaharibika. Nani avae cha kiwanda wakati cha mtumba kinadumu zaidi na ni rahisi? Wakapunguza watu, baba akiwa mmoja. Akakaa nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika, kisha akasema anapanda Kinole kulima, na Dismas aende naye, maana mwenye shamba ni Dismas. Mimi nibaki na mama sokoni. Hata hilo nililifikiria sana kitoto: baba yangu anakwenda kulima kwa mpwa wake, mimi mtoto wake nauza makoti.

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa Jumamosi. Tukavuta mlango. Meli zangu zimeizunguka Kwa Bibi pande zote, hata panya hawakuzigusa wiki ile. Zamu ilikuwa yangu. Dismas amechuchumaa anafunga shuka lake, anatafuna muwa.

"Tupa," Tatu akasema. "Gari la watu linasubiri."

Nikashika dadu. Dismas hata hakuinua macho. "Chukua tu, binamu. Usijisumbue kutupa. Mimi nakwenda kwenye ya kweli."

Naapa hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayekuachia kiti. Na mimi, niliyeitaka ile sayari mwaka mzima, nikahisi kiganja kimekuwa kizito na kichwani hakuna kitu. Nilitafuta hasira, haipo. Nilitafuta furaha, haipo. Nikarudisha dadu kwenye boksi.

"Tutamalizia likizo," nikasema.

Likizo Dismas akashuka na kikapu cha machungwa. Tukacheza mpira, tukaenda kuogelea mtoni, tukapigwa kwa kuogelea mtoni. Mlango hakuna aliyeuvuta. Likizo nyingine vilevile. Mwishowe mama akauchukua akaufanya meza ya biashara, na juu ya meza hiyo ndipo nilipotua beseni na kuanza utajiri wangu, kwa hiyo msinione najisifu bure, hata juu ya anga nimeuza makoti.

Baada ya yale ya Neema nikampigia Tatu, ambaye ana duka la vitenge na bado anahukumu watu kwenye simu. Nikamuuliza kwa nini tuliacha.

"Uliacha wewe. Ulimwonea huruma Dismas."

"Huruma? Mimi?"

"Basi uliogopa. Ungefanya nini Jumamosi zote zilizobaki?"

Nikakata simu kwa heshima. Nikawasha gari nikapanda Kinole. Siku hizi unafika kwa gurudumu karibu na mlango wa nyumba. Dismas nimemkuta ana mvi, anapalilia pilipili manga.

"Haa, tajiri! Umekuja kuomba chumvi?"

"Nimekuja kukudai ngoto, binamu. Miaka yote unakaa kwenye sayari yangu."

Tulicheka mpaka mkewe akatoka. Nikamuuliza na yeye. Akaegemea jembe. "Mimi nilijua umekasirika. Nikawa nashuka kila likizo, najiambia leo atauvuta mlango. Nikaona aibu kukukumbusha, maana mimi ndiye niliyekuwa nashindwa."

Watu watatu, majibu matatu, na langu halimo.

Akaniambia pia kwamba ukoo umekaa kikao. Vijana wako Dar, hawataki kupanda milima, wameamua kuuza kipande cha juu. Kipi? Kuanzia mgomba ule mpaka kijitoni. Mgomba wenyewe ni mjukuu wa ule wa zamani, lakini umesimama palepale. Dismas alikuwa amepinga, wakamzidi kura. Anabaki na cha chini. "Kama ni lazima kiende," akasema, "bora kiende kwa mtu ninayeweza kumtukana."

Sikupatana bei, mimi ambaye hupatana bei mpaka ya mkaa. Tukaandikishana kwa mtendaji wa kijiji, wazee wa ukoo wakala mbuzi, Neema akaja kupiga picha. Wote walipoteremka nikabaki mimi na Dismas juu ya kijito, ukungu unaingia, mdalasini unanukia vilevile.

"Basi umeshinda, binamu," akasema. "Anga lote lako. Utapanda nini?"

Nikasimama nisubiri ije. Ile raha ya mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwenu siyo hapa, na sasa ni hapa. Nilisubiri kama tulivyokuwa tunasubiri kuvuta mlango. Kiganja kikawa kizito.

"Sijui," nikasema.

Zamani tulikuwa na anga zima la bure, tukaligandisha kwa ugali, tukagombana na panya, na nilikuwa silali kwa kulitaka. Leo nina kipande chenye muhuri wa serikali ya kijiji na nalala fofofo. Sijui kama nilishinda siku ile kwenye mlango, au juzi mlimani, au bado zamu ni yangu. Dismas ananitumia ujumbe kwamba majani yananizidi. Tatu anasema nikijengee uzio. Neema ameuliza tu kwa upole, "Baba, lile shamba ni la nini hasa?" Nikamtajia bei, maana kwa habari ya shamba lile ndicho kitu pekee ninachokijua kwa hakika: pamoja na mbuzi na soda za wazee, shilingi milioni sita, laki tatu na elfu arobaini na tano.