Ubeti wa Mwisho Uliochanika

Mnaning'ang'aniza niandike, na mkono wenyewe mzito. Haya. Baba yangu Albano alikuwa kuli bandarini Kurasini, akitunga mashairi huku kabeba magunia. Juzi kule maktaba, Yasmini anayetunza vitabu adimu alinisomea kijitabu cha mashairi ya Kurasini ya zamani. Humo mna nyapara mwenye kitambi, yule yule baba alikuwaga akimwimba nyumbani.

"Aliyetunga ni baba! Andika jina lake."

"Bibi, mtunzi hujitaja ubeti wa mwisho, na ukurasa huo umechanika. Pengine katunga kuli mwenzake."

"Mbishi wewe!"

"Sikufikii wewe, bibi."

Lakini kanitia hamu ya kujua. Wewe msomaji, fukua sanduku la bibi yako. Ukipata nakala nyingine ya kijitabu hicho chenye jalada la kijani, niletee Tandale huo ubeti wa mwisho.