Marinda ya Mskoti

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa na cherehani moja na kiburi cha mafundi watatu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimekodi baraza ya nyumba moja pale Rusimbi, Kigoma, na kazi ilikuwa haiishi. Mji ulikuwa umejaa. Boti zilishusha familia kutoka Burundi, baadaye kutoka Kongo, na malori yalipita kutwa nzima yamebeba mahema, mablanketi na mabomba ya maji kuelekea kambini. Nilishona sare za shule, mapazia ya ofisi, magauni ya wake wa madereva. Nguo ya kunishinda nilikuwa sijaiona.

Asubuhi moja akaja Mzungu mrefu, shingo imeiva kwa jua. Kazi yake ilikuwa visima vya kambini, na Kiswahili alikuwa amekiokota huko huko.

"Hodi, dada," akasema. Akatoa kwenye begi kitu kama sketi nzito ya sufu, ya mirabaraba ya kijani na buluu, yenye mstari mwembamba mwekundu. Upande mmoja ulikuwa umetafunwa.

"Panya," akasema. "Wamezaa ndani yake. Hii ilikuwa ya babu yangu."

Akanieleza kwamba kwao Uskoti mwanaume huvaa nguo hiyo siku ya heshima, na yeye alikuwa anakwenda kuoa. Mama yake alikuwa amemtumia kitambaa kipya, mirabaraba ile ile ya ukoo wao. Yadi nane.

"Yadi nane kwa sketi moja?"

"Sketi hapana," akasema kwa upole. "Kilti."

Nikacheka, nikamwambia aje kuichukua Jumamosi. Akatikisa kichwa. Hakutaka cherehani iiguse. Ya babu yake ilishonwa kwa mkono mwanzo hadi mwisho, naye alitaka hivyo hivyo. Alikuwa na miezi miwili. Nikamwambia sawa, kwa sababu wakati ule neno "siwezi" lilikuwa halijakaa vizuri mdomoni mwangu.

Alipoondoka nikaigeuza ile nguo ya babu ndani nje, nikaanza kufumua kidogo ili nione siri yake. Mishono ilikuwa midogo kama mbegu za ufuta. Chini haikuwa na pindo. Ukingo wa kitambaa, kama ulivyotoka kiwandani, ndio ulikuwa mwisho wa nguo. Nyuma kulikuwa na marinda zaidi ya ishirini, lakini ukiyatazama kwa mbali huyaoni, maana kila rinda lilikunjwa mahali ambapo mirabaraba inapokea mirabaraba, kana kwamba kitambaa kimelala tu bila mkunjo. Nikajaribu kukunja kitambaa kipya. Siku mbili nzima nilikunja na kukunjua. Mistari ilikwenda upande kama imelewa.

Uani kwa jirani yangu aliishi mama mmoja wa Kirundi, mtu wa Rumonge, aliyekuwa amefika kwa boti na mkwewe. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, kutwa anachambua dagaa kwenye ungo. Sote tulimwita "yule mkimbizi". Nasema ukweli, hata mimi nilimwita hivyo, na nilikuwa namsalimia kila siku. Siku ya tatu alipita barazani kwangu, akasimama. Hakunitazama mimi. Alikitazama kitambaa.

"Unaanza kukunja kabla ya kuhesabu," akasema.

"Shikamoo, mama. Kuhesabu nini?"

"Marahaba. Miraba." Akaketi mkekani bila kukaribishwa, akaosha macho yake kwenye ile nguo ya babu, akapitisha kidole juu ya mishono. "Nilishona kwa masista miaka kumi na minane. Wasichana wa shule yao walivaa sketi za marinda. Hazikuwa kama hii. Lakini rinda ni rinda."

Akafungua pindo la kanga yake akatoa mkasi mdogo uliofungwa kwenye kitambaa. Ndicho kitu pekee cha kazi alichotoka nacho kwake. Cherehani ilibaki, alisema, na gauni la bibi harusi lilibaki juu yake, bado mkono mmoja. Kisha akaomba chaki.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Asubuhi nilimaliza kazi zangu za cherehani, na jua lilipohamia upande wa pili wa nyumba tulitandika mkeka na shuka safi juu yake, tukaketi kitambaa kikiwa kati yetu. Tulihesabu miraba, tukatia alama, tukapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, kwa uzi mweupe, kisha ndipo tukashona marinda moja baada ya jingine, kutoka nyongani kwenda kiunoni, kila rinda likizidi kuwa jembamba kadiri linavyopanda. Nilipoharakisha alinigusa mkono.

"Buhoro, mwanangu, buhoro."

Vidole vyangu vilivyozoea gurudumu la cherehani vilitoboka. Nilijifunza kuvaa kastabini, nilijifunza kukaa. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukala mihogo ya kuchemsha. Alinisimulia Rumonge, mawese yao, wasichana wa masista waliokuwa wakificha barua za wavulana ndani ya marinda. Siku ya hadithi hiyo alicheka hadi akafuta machozi. Kina mama waliokuwa wakitoka mwaloni Katonga na beseni za samaki walisimama kutazama. Baba yangu alikuja kutoka Ujiji siku moja, amevaa msuli wake, akakishika kitambaa akauliza ni blanketi la nani. Nilipomweleza akasema, "Kumbe nao wanavaa msuli! Mbona wenzetu hawa."

Lilikuwa limebaki rinda la mwisho tulipopata ajali. Ajali ni yangu. Nilikuwa napiga pasi ya mkaa juu ya kitambaa cha kufunikia chenye maji, kama alivyonielekeza, kisha nikaona uvivu kukilowesha tena. Nikapitisha pasi hivi hivi. Cheche ikaruka. Nilipoipangusa ilikuwa imekwisha acha tundu, dogo kama punje ya choroko, katikati ya rinda la tano kutoka mwisho, mahali ambapo kila jicho lingeangukia.

Nililia kama mtoto. Yule mama hakunigombeza. Alikaa akahesabu miraba kwa midomo, mara mbili, kisha akachukua mkasi wake na kuanza kufumua. Rinda lile tungelikunja kwa kina zaidi, limeze mraba mzima, na tundu liende ndani ambako halionekani. Yale yaliyofuata yangesogea. Kitambaa kilichobaki mwishoni kilitosha, kwa shida. Tulirudia kazi ya siku sita.

Ilipokwisha nikatazama, sikuona kitu. "Mama," nikasema, "hatajua hata yeye. Tunyamaze."

Akauma uzi. "Atavaa siku ya ndoa yake. Usimpeleke kwa mkewe na siri yetu kiunoni."

Mskoti alikuja amekonda. Malaria ilikuwa imemlaza kambini wiki nzima. Ilibidi tusogeze mikanda mitatu midogo ya ngozi ya kufungia kilti kiunoni, aliyotutengenezea fundi viatu wa sokoni. Kabla hajaivaa nikamzuia. Nikamwambia nimeiunguza, ni mimi, si mama huyu, na yeye ndiye aliyeiokoa. Akaitandaza mezani, akatafuta. Akatafuta tena. Akainua macho.

"Wapi?"

Yule mama akalifunua rinda, akamwonyesha. Akalipapasa tundu kwa kidole, nami nikawa nasubiri anirushie nguo yake. Akauliza tu, "Nani alikufundisha, mama?"

"Nilijifunza kwetu. Rumonge. Nilikuwa na duka."

Akampa mikono yote miwili. "Asante sana, fundi."

Sijui kama alijua alichokifanya. Yule mama alisimama wima. Tangu ashuke kwenye boti alikuwa ameitwa majina mengi, na ameandikwa kwenye makaratasi mengi, lakini hilo hakuna aliyekuwa amempa, wala mimi niliyekula naye mihogo miezi miwili. Niliona aibu. Kuanzia siku ile nikamwita Fundi, na Rusimbi nzima ikafuata.

Mskoti aliivaa palepale, akatoka nayo barabarani. Kina mama walipiga vigelegele. Alizunguka mara moja, marinda yakafunguka kama mwavuli na kujifunga yenyewe, kila mstari mahali pake. Baadaye alituletea picha ya harusi yake, tukagombania nani akae nayo. Alishinda Fundi.

Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu zaidi, mimi na Fundi, hadi kwao kulipotulia akarudi. Nilimsindikiza bandarini. Nilimwuliza kama amebeba chai.

Zilipita siku nyingi, nikazaa, nikahamia Ujiji, ndipo nikapata nafasi ya kwenda Rumonge. Nilifika nikauliza tu fundi aliyekuwa Kigoma, nikapelekwa. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi, wasichana wawili anawafundisha, na ile picha ukutani. Alinishika uso kwa mikono yake, akaninusa shavuni, akaita watu waje wanione. Tulikula samaki mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo, tukacheka yote yale upya. Macho yake yalikuwa yamefifia. Kushona aliweza bado, kwa kupapasa, lakini kutunga uzi kwenye sindano hakuweza, na wasichana wake aliona haya kuwaomba kila mara. Kabla sijaondoka niliketi mlangoni penye mwanga, nikamtungia sindano arobaini, za uzi mweusi, mweupe na wa buluu, nikazichoma kwa mstari kwenye mto wake mdogo. Aliupapasa mstari ule kwa kidole, akihesabu taratibu, na mimi nilikaa karibu yake hadi alipomaliza.