Mkono Juu ya Waya

Gereji ile iko juu ya mteremko, na asubuhi za baridi mteremko ndio starta ya watu wengi: gari likigoma unalisukuma, linashuka, linakohoa, linawaka. Lililogoma hata kwa mteremko lilipelekwa kwa Vidole.

Vidole alikuwa fundi umeme, amemuoa dada wa mwenye gereji, na testa ya kupimia umeme hakuwahi kuishika. Mtu alikaa kwenye usukani akazungusha ufunguo, naye akapitisha vidole kwenye waya nene, kutoka betri hadi starta, kutoka betri hadi bodi. Pale umeme unapobanwa pana joto. Baridi ilimsaidia, chuma chote kikiwa kama barafu, penye vuguvugu panajitaja penyewe. "Hapa," alisema, amefumba macho. Spana ikakaza, gari likawaka.

Alikuwa na mdomo pia. Fundi mmoja aliyekuja na testa, Vidole alimwita kipofu mwenye fimbo, akamwita hivyo kila siku hadi yule akafungasha vifaa vyake akaenda zake. Kisha mpakaji rangi wa gereji akakutwa amepaka rangi mahali panapofungwa waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Na rangi haipitishi umeme. Vidole alimwita mbele ya wateja, akampa kipande cha msasa, akamwamuru akwangue huku anaimba. Akaimba. Tangu siku hiyo jina lake likawa Msasa. Hata mkewe akija kumuulizia husema, "Msasa yupo?"

Ganzi mikononi mwa Vidole ilianza kama ile ya kila mtu asubuhi. Kisha ikachelewa kuondoka. Kisha haikuondoka. Mke wa Vidole ndiye aliyeiona kwanza: mumewe aliinua sufuria jikoni bila kitambaa, akaitua mezani taratibu, akaendelea kusimulia habari za watu. Mkewe akaanza kumpimia maji ya kuoga kwa kiwiko, kama anavyopimiwa mtoto mchanga, na siku moja akamsihi aongee na kaka yake, mwenye gereji.

"Atakupa kazi nyingine."

"Ipi? Ya kufagia? Mimi ndiye niliyekuwa nikimfagilisha Msasa."

Na kaka mtu alishasema wazi kwamba gereji si mahali pa kulea mashemeji. Asiyeleta kitu ataondoka, awe ndugu, awe nani.

Basi Vidole akawa anakisia. Makosa mengi ya baridi ni yaleyale: betri imechoka, kichwa cha betri kimelegea au kimeota ukungu wa kijani. Alipitisha mkono kwa madaha yaleyale, akataja lililo karibu, akapatia mara nyingi. Lakini Msasa, aliyemtazama kuliko mtu yeyote pale, aliona kwamba siku hizi macho ya Vidole yanatangulia mkono. Zamani yalikuwa yanafumba.

Asubuhi moja vioo vya magari viliganda, na gari la mwenye gereji likagoma. Jana yake Msasa alikuwa amelipaka rangi ndani ya boneti. Waya wa ethi aliufunga juu ya rangi, nati akaikaza nusu. Safari hii si kwa kutojua. Akaingia kwenye usukani kabla hajaambiwa.

Mafundi walisogea na vikombe vyao vya chai. "Shem, mpime huyu mgonjwa," mwenye gereji akasema.

Vidole akainama. Kila kitu kiling'aa kwa upya. Macho hayakupata pa kushika. Alilifikiria lile la rangi, lakini hakuamini kuna mtu wa kurudia kosa aliloimbishwa. Hata hivyo akaishika nati ya ethi, akaikumbatia vizuri ili waone. "Zungusha." Starta ikaguna, ikalala. "Tena." Msasa akazungusha, na hakuachia.

"Vipi hapo?" shemeji yake akauliza.

"Hapa baridi. Ethi iko sawa. Ni starta."

"Una hakika, fundi?" Msasa akauliza kutoka ndani, mkono bado kwenye ufunguo.

"Baridi kama pua ya mbwa."

Ilianza kunuka rangi mpya, kisha harufu ikabadilika. Moshi mwembamba ukapanda kati ya vidole vyake. Fundi mmoja alicheka akidhani ni mzaha, kisha akaweka kikombe chini. Vidole alikuwa bado anaeleza namna starta inavyoshindwa na baridi. Uso wa shemeji yake ndio uliomfanya atazame mkono wake mwenyewe.

Msasa akaachia ufunguo. "Si ulisema baridi?"

Walipoifungua nati wakaiona rangi, na kila mtu akajua ni kazi ya nani. Mwenye gereji hakumkaripia. Alisema tu kwamba fundi wa kweli angeutoa mkono. Wiki hiyo akanunua testa, akampa Msasa ajifunze.

Vidole hakufukuzwa, maana mkewe alikwenda kulia kwa kaka yake. Alipewa kiti cha usukani. Asubuhi za baridi hukaa ndani ya magari ya watu, mkono umefungwa kitambaa, akingoja sauti kutoka nyuma ya boneti. Vidole vyake haviusikii ufunguo, hujua umezunguka pale starta inapolia. Jina hawakumnyang'anya.

"Vidole," Msasa huita mbele ya wateja, "zungusha. Na uimbe kidogo, tujue hujalala."

Naye huimba.