Ekseli ya Baiskeli ya Dada Chanjo

Dada Chanjo alistaafu akiwa na goti moja bovu na fremu ya baiskeli. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akichanja watoto, sanduku la barafu limefungwa nyuma, mpaka jina lake halisi likasahauliwa hata na wakwe zake. Ofisi ya afya ilipoleta pikipiki, baiskeli zilirundikwa uani. Aliomba ya kwake, akapewa imebaki mifupa.

Akaitundika sebuleni juu ya kochi. Mumewe, msukaji wa viti, alisogeza picha ya harusi pembeni. Mchana, Dada Chanjo akichambua mchele, miguu yake ilizunguka polepole chini ya meza, macho yakiwa mbali, na mumewe alijua kwamba sasa mkewe anapanda kilima, sasa anateremka, upepo umejaa kwenye gauni. Hakumsemesha mpaka afike.

Kidogo kidogo akapata magurudumu, usukani na mnyororo. Kilichomshinda ni cha katikati: ekseli inayoshika pedali, na vikombe vyake viwili vya chuma vinavyofungwa kwa nyuzi za kuzungusha, kama za skrubu, kwenye tundu la fremu, huku na huku. Fundi baiskeli alijaribu vyote alivyokuwa navyo. Cha kushoto kiliingia mizunguko miwili kikakwama. Cha kulia hakikushika kabisa. Akamweleza kwamba baiskeli nyingi kikombe cha kulia hukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Yake ni ya zamani, inakaza kulia pande zote mbili, na vikombe vya aina hiyo havipatikani tena. Akanyanyua spana ndefu.

"Nikilazimisha kitaingia tu, mama."

"Mimi sikuwahi kulazimisha sindano, mwanangu. Niachie fremu yangu."

Wiki kadhaa zikapita hivyohivyo. Asubuhi moja akasikia mnoa visu akipita barabarani. Jiwe lake la kunolea alilizungusha kwa pedali za baiskeli kuukuu, na ekseli ile ilitoa sauti laini, kama mtu anayepumua usingizini. Dada Chanjo akatoka na kisu ambacho hakikuwa butu hata kidogo. Mnoa visu alikipitisha kidoleni, akamtazama, akamuuliza anataka nini hasa.

Alipoelezwa, akainama na kumwonyesha. Nyuzi za fremu ya mashine yake ya kunolea zilikwisha kuliwa zamani, kwa hiyo alitia ekseli ya vipande viwili vinavyofungana vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya tundu, vikaibana fremu kutoka nje.

"Iwe inakaza kulia, iwe kushoto, fremu haiulizwi," alisema. Kisha akamwonya apime mambo mawili: upana wa tundu, na urefu wa ekseli. Ikiwa ndefu mno mnyororo utakwenda upande. Ikiwa fupi, mkono wa pedali utasugua fremu. Akamwelekeza kwa muuza vipuri nyuma ya soko.

Upana aliupima mara tatu: milimita sitini na nane. Muuza vipuri alimpa ekseli mbili za kujaribia, ndefu na fupi, na kuchagua urefu kukawa kazi ya mumewe. Alishusha fremu, akavuta uzi wake wa kusukia kutoka gia ya nyuma hadi mbele, akakodoa jicho moja kama anayekagua kiti, akasema ile fupi ndiyo itakayokaa sawa. Ikakaa sawa. Pedali ikazunguka yenyewe kwa muda mrefu, nao wakakaa sakafuni wakiitazama, hakuna aliyetaka kuisimamisha.

Siku aliyoipanda, goti lilinung'unika mpaka mteremko wa kwanza, kisha likanyamaza. Barabara ikawa inapita chini yake bila haraka. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo alimwona, akaficha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto anayekwepa sindano, na wote wawili wakacheka mpaka Dada Chanjo akayumba.

Alirudi saa tisa alasiri, gauni limelowa jasho, akalala kitini na viatu miguuni.