Siku Niliyocheza Kinyume Mlimba

Jamani, mpaka leo nikipita Mlimba najifunika kanga usoni, na nyie mkitaka kucheka chekeni tu, maana hata mama yangu mzazi alicheka.

Mwalimu wetu wa ngoma hapa Ifakara, Mwalimu Tausi, amecheza kwenye majukwaa ya Dar na ya nje ya nchi, kisha akarudi kutufundisha sisi (watoto wa wakulima wa mpunga, tusio na hata viatu vya mazoezi), na akikanyaga chini unaona kabisa ardhi inamjibu. Naota kuwa kama yeye. Basi akatangaza kwamba kwenye onyesho la Mlimba atachagua msaidizi wa kufundisha darasa la watoto, nami moyoni nikajua nafasi ni yangu.

Sasa, mtindo mpya ulifundishwa nikiwa shambani nafukuza ndege, rafiki yangu Rehema akanirekodia Mwalimu kwa nyuma, tena kwa kamera ya selfi maana ile nyingine ilishapasuka, nikajifunza peke yangu katikati ya mpunga mpaka ndege wakanizoea. Nikajiona nimeiva, mazoezi ya mwisho nikayaruka, nikaenda kusuka nywele. (Maandishi ya mgongoni kwenye fulana ya Mwalimu yalisomeka kinyumenyume, mimi nikadhani ni Kifaransa.)

Siku ya Mlimba uwanja umefurika, ngoma zikalia, wenzangu wote wakaenda kulia, mimi huyo kushoto! Nikampiga Rehema kiwiko, Rehema akaangukia ngoma kubwa, ngoma ikabiringika hadi kwenye meza ya wageni, chupa za maji chali, na mimi bado natabasamu nikijua wao ndio wamekosea.

"Huyo dada kapotea," mama mmoja akapaza sauti, "mwonyesheni stesheni ya treni arudi kwao!"

Hapo Mwalimu akavua viatu, akaingia, akasimama uso kwa uso na mimi, nikiinua mkono wa kushoto yeye anainua wa kulia, kama najitazama kwenye kioo, akawaashiria wenzangu wagawanyike pande mbili, na watu wakasimama kushangilia wakidhani tulipanga.

Baadaye akanikuta nimejificha nyuma ya gari lililotuleta, nalia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Umeshaniamkia asubuhi, Devota. Nani alikufundisha vile?"

Nikampa simu. Akaitazama ile video, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe kamera ya selfi imegeuza kulia kuwa kushoto, nawe ukafuata hivyo hivyo mwanzo mpaka mwisho?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Anayefundisha watoto akiwatazama lazima acheze kinyume, ndipo wao wapate sawa. Mimi mpaka nilizoee hilo nililia. Jumatatu uje uanze. Ila kwanza nenda kamkande Rehema mgongo, umemuumiza."

Nikalia upya, safari hii kwa furaha. Na nimeapa: video nitatazama kwa kujifurahisha tu, kucheza nitajifunzia pale pale aliposimama yeye, mpaka jasho lake linirukie.