Laptop Nyembamba ya Mwalimu Veronika

Sitaki mtu aniambie nilikuwa nimechoka. Nimeshaambiwa hivyo na dada yangu, nikaambiwa na paroko, hata fundi wangu wa kompyuta naye akasema, na wote wamekosea. Jioni ile nilikuwa macho, nimeshiba ubwabwa wa kipaimara, akili zangu zote kichwani. Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, kwenye barabara ya kutoka Butiama kwenda Bunda, na mpaka leo nikiyakumbuka siogopi. Nakasirika.

Kazi yangu ni kupiga video za sherehe. Naishi Musoma, lakini wateja wangu wako kila mahali: harusi Bunda, kipaimara Butiama, msiba Nyegina. Laptop yangu ya zamani ilipokufa nilikwenda kwa bwana mmoja mjini anayeuza simu na kompyuta zilizokwisha tumika. Nitamwita Mafuru. Si jina lake, ingawa nafsi yangu inatamani nilitaje la kweli.

Mafuru akanitolea laptop ya rangi ya fedha, nyembamba kama daftari. Nikamuuliza ilikuwa ya nani.

"Ya mwalimu mmoja hivi," akasema, huku anaifuta kwa kitambaa. "Alihamia nje ya nchi. Alikuwa anaitunza sana."

Sitaki kumsingizia, mashine ilikuwa nzuri. Kioo kilikuwa angavu, herufi laini chini ya vidole, na ilikuwa nyepesi kiasi cha kuisahau mkobani. Wiki ya kwanza nilikuwa najisifu nayo kwa kila mtu. Halafu nikaanza kuunganisha filamu ya harusi, na hapo ndipo nilipojua nimenunua nini. Feni ililia kama mashine ya kusaga. Upande wa kushoto, karibu na tundu la chaja, hapakushikika. Kisha ikazima yenyewe, na kazi ya siku nzima ikapotea.

Nilijaribu kila kitu. Niliiweka juu ya vizibo vya soda ipate hewa chini. Niliielekezea feni ya mezani. Niliiweka juu ya sinia la bati. Bibi harusi ananipigia simu anataka filamu yake, na mimi nimekaa napepea kompyuta kama mtu anayechoma mahindi. Unadhani nilikuwa na hali gani?

Nikaipeleka kwa fundi wangu, Deo, kijana mstaarabu sana. Akaifungua, akatoa vumbi, akapaka upya ile dawa ya kupoozea. "Dada, hizi nyembamba zinakuwaga hivi," akaniambia. "Wameibana mpaka haina pa kupumulia. Usiipe kazi nzito." Maneno ya maana, nikayakubali. Joto la kompyuta inayofanya kazi nalielewa.

Ila niambie wewe, joto la kompyuta iliyozimwa linatoka wapi? Asubuhi moja niliitoa mkobani, sijaiwasha tangu jana yake, nikaiweka mapajani. Ikaniunguza mpaka ngozi ikatoa lengelenge. Nikarudi kwa Deo kwa hasira. Akatoa betri, akaiacha mezani, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi akaigusa, akauvuta mkono wake haraka. Akairudishia betri bila kuniangalia. "Dada, hii irudishe ulikoitoa," akasema.

Nikairudisha. Mafuru alinisikiliza huku anachezea simu yake. Nilipomaliza akasema, "Si uliikagua mwenyewe? Si uliridhika?" Nikamwambia inaungua ikiwa imezimwa, betri iko nje. Akacheka, akamgeukia mteja mwingine na kumwambia, "Wanawake na vifaa hivi, ni kazi." Wakacheka wote wawili. Niliondoka pale nikiwa sioni mbele.

Sikuwa na hela ya nyingine, kwa hiyo nikaendelea nayo. Ndivyo nilivyojikuta nayo Butiama, kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu. Tulimaliza jioni. Kesho yake nilikuwa na harusi Bunda, nikapanga kulala kwa dada yangu huko. Nikachukua bodaboda, mzee mmoja makini anaitwa Marwa, ambaye hunibebaga mara nyingi. Kabla hatujafika Nyamuswa tairi ya nyuma ikatoboka, na mvua nayo ikaanza. Marwa akanionesha ghala la zamani la pamba pembeni mwa barabara.

"Jikinge hapo barazani, dada. Fundi yuko hapo mbele tu, naisukuma narudi."

Nikakaa barazani, mkoba kifuani. Giza lilikuwa linaingia lakini nilikuwa naona vizuri. Mvua ilikuwa nzito. Kwenye ncha ya pili ya baraza alikuwa amekaa mwanamke. Naapa sikumwona anakuja. Amevaa sketi na blauzi kama za mwalimu, miguu peku, ameloa chapachapa, anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Nilimsalimia. Hakuitikia salamu. Alisema, "Dada, umebeba nini kinachotoa joto?"

Nikadhani anatania. "Laptop," nikasema. "Ni jiko, siyo laptop."

"Naomba nipashe mikono."

Unaweza kujiuliza kwa nini nilimpa. Nilimhurumia, basi. Nikaitoa, nikasogea, nikaiweka katikati yetu. Akalaza viganja vyote viwili juu ya mfuniko, mahali pale ambapo mimi siwezi kugusa hata kidogo, na akafumba macho. Kisha akasema taratibu, "Bado inaunguza upande wa chaja."

"Ulijuaje?"

"Ilikuwaga inaniunguza na mimi. Nilikuwa naiweka juu ya ungo wa mama. Ungo unapitisha hewa."

Niamini, jambo la kwanza lililonijia halikuwa hofu. Nilifurahi. Hatimaye nimempata mwenye mashine, aliyeniuzia ubovu wake. Nikamvaa. Nikamwambia nimepoteza wateja kwa ajili yake, nimeungua paja, nimechekwa mbele za watu, na kumbe yeye wala hajahamia popote, yuko hapa hapa Mara.

Akafumbua macho. "Nani kasema nimehama?"

"Mafuru. Alisema uko nje ya nchi."

"Huyo ni shemeji yangu," akasema. "Mdogo wake mume wangu. Nilimwachia hii aitengeneze hilo joto, nikashuka bandarini Mwigobero nikapanda boti. Boti haikufika."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilisikia kila neno, lakini nilihisi kama masikio yangu yanakataa.

"Hawakunipata," akaendelea. "Wenzangu walipatikana. Mama yangu akamwendea Mafuru, akamwomba hii mashine tu, kwa sababu ndiyo kitu nilichokuwa nakishika kila siku. Anataka kitu cha kuzika. Mafuru akamwambia ilizama na mimi."

Sasa nikaogopa. Lakini hasira yangu, ndugu yangu, ilikuwa bado imenikaba, ikatoka kabla ya hofu. "Kwa nini unanichoma mimi?" nikamwambia. "Mimi nimekukosea nini? Si umwendee yeye?"

"Nimemwendea," akasema. "Nimesimama dukani kwake mchana kutwa. Yule hasikii joto wala baridi. Wewe umesikia."

Akaondoa mikono kwenye laptop, akanishika vidole vya mkono wa kulia. Sijawahi kushika kitu cha baridi namna ile. Hata samaki wa kwenye barafu ana nafuu. Akasema, "Mama yuko Mugango. Uliza mama yake Mwalimu Veronika. Mpelekee." 

Taa ya pikipiki ikamulika baraza. Niligeuka kuangalia, ni Marwa anarudi. Nilipogeuka tena sikuona mtu. Pale alipokuwa amekaa palikuwa na dimbwi la maji, na ndani yake kijani cha magugu ya ziwani, na harufu ya ziwa. Pale tulipokuwa, ziwa liko mbali. Marwa mwenyewe aliyaona yale magugu. Aliyasukuma kwa ncha ya buti, akaniuliza, "Dada, ulikuwa unaongea na nani?" Nikaigusa laptop. Ilikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni.

Harusi ya Bunda niliipiga, sijui niliipigaje. Siku iliyofuata nikaenda Mugango.

Sikupata shida kumpata. Mama yake Veronika ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono ya jembe. Nilimkuta anaanika dagaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanipa kigoda. Sikujua nianzeje, nikaitoa tu ile laptop nikamwekea mapajani. Aliitazama muda mrefu. Akapitisha kidole upande wa chaja.

"Hii ndiyo ilikuwa inamchoma mwanangu," akasema. "Nilikuwa namgombeza, acha kazi ya watu hiyo, utaungua. Ananijibu, mama, nipe ungo." Akaniinulia macho. "Umeitoa wapi? Hii ilizama."

Nikamweleza yote, hata ya ghalani. Hakunikatiza, na hakulia. Alipomaliza kunisikiliza aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha kwendea kanisani. "Twende Musoma," akasema.

Dukani kulikuwa na wateja. Mafuru alipotuona tumesimama pamoja, laptop mikononi mwa mama, uso wake ulibadilika, kisha ukarudi ulivyokuwa. Mama hakupaza sauti.

"Baba, uliniambia hii ilizama na mwanangu."

"Mama mkwe, haya si mambo ya kuzungumzia hapa."

"Tuyazungumzie wapi? Nyumbani kwangu hujafika hata kuhani."

Hapo ndipo alipochukia. Akasema Veronika alikuwa mke wa kaka yake, ameolewa kwa ng'ombe, na kilichokuwa cha mke ni cha ukoo wao. Akasema mama anataka kuchuma kwenye kifo. Alisema hivyo, mbele za watu, kwa mwanamke aliyefiwa na mtoto asiye na kaburi.

Mama akamwangalia. "Sikudai mali, baba. Nilikuomba kitu cha kuzika."

Nikasubiri. Nilitaka aanguke, nilitaka vioo vyote vya simu mle ndani vipasuke. Wewe ungetaka nini? Hakuna kilichotokea. Mafuru alitoa simu yake, akaanza kuibofya, akatuambia tumpishe, anafanya biashara. Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kwamba nayajua, mpaka mama akanishika mkono akanitoa nje.

Tuliizika Mugango. Deo alikuja mwenyewe akatoa betri kwanza, alisema betri haifai kufukiwa ardhini. Mume wa Veronika, ambaye yuko machimboni, aliambiwa na hakuja. Katekista alisita mwanzoni, akauliza ni sala gani inayosomwa kwa kompyuta. Mama akamjibu, "Soma ya mwanangu." Akaisoma. Mama akaifunga ndani ya kanga, akaishusha yeye mwenyewe, na alipoinuka ndipo alipolia, kilio kilichokuwa kimengoja muda mrefu. Wanawake wakamshika. Mimi nilisimama pembeni nikiwa na uchungu kama vile nilikuwa namjua marehemu, na labda nilimjua. Watu wangapi wameunguzwa na mashine moja?

Tangu siku hiyo Veronika sijamwona tena. Lakini vidole alivyonishika, viwili kati ya hivyo havijawahi kurudi katika hali yake. Havisikii joto. Nashika sufuria jikoni, nasikia harufu ya ngozi yangu ikiungua kabla ya kusikia maumivu. Daktari alivichoma sindano, akaandika dawa, havijapona. Nimeanza kupiga video kwa mkono wa kushoto. Kazi inaenda polepole, na laptop ninayoazima kwa dada yangu ni nzito na haina mbio.

Na Mafuru? Duka liko wazi. Juzi nimepita, amepanga mezani laptop nyembamba nyingine, anaifuta kwa kitambaa, anamwambia binti mmoja kwamba mwenyewe alikuwa anaitunza sana. Nilisimama mlangoni nikamwambia yule binti asinunue. Akaniona mwendawazimu. Mafuru akacheka.

Kwa hiyo nakuambia wewe, kwa kuwa yule hakunisikiliza. Ukienda kununua kitu kilichotumika, kagua kioo, kagua betri, sikiliza feni. Halafu muulize muuzaji mwenye kitu yuko wapi, na usikubali jibu la "amehama". Mwombe namba ya mwenye kitu, umpigie, umsikie kwa masikio yako. Akianza kuzungukazunguka, rudisha hela yako mfukoni uondoke, hata kama kitu ni kizuri namna gani. Wenye vitu wengine hawajahama. Wako kwenye baridi, na hawana pengine pa kuota moto.