Ukucha wa Baba

Juzi saluni, msichana wa kupaka rangi alikataa kufunika ukucha wa mama mmoja, ulionenepa na kuwa wa njano. "Anti, hiyo fangasi. Anzia hospitali kwanza." Nikamkumbuka baba.

Tulikaa Vingunguti, na baba alifanya kazi machinjioni. Alirudi mchana akinuka damu na mpira wa mabuti yaliyoshinda kwenye maji. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wake ulikuwa mnene, mkavu, unameguka pembeni, na mie niliamini anaota kwato. Kila niliposikia ng'ombe wakilia, nilijiuliza ni lini naye atafungwa kamba.

Mchana mmoja nilishindwa kuvumilia. "Baba, ukishakuwa ng'ombe watakuchinja?"

Alicheka mpaka akakohoa. Aliponiona nalia, akanipakata.

"Ni fangasi tu, mwanangu. Miguu yangu haikauki kule kazini. Nina miezi nameza dawa za hospitali. Hebu tazama hapa."

Niliinama hadi pua ikakaribia kugusa kidole. Kwenye shina, nyuma ya ule ukucha mbovu, ulikuwa umechomoza mwingine, laini, safi, unausukuma ule wa zamani mbele taratibu. Sikuwahi kujua kwamba mtu mzima anaweza kuota kitu kipya. Niliugusa kidogo, nikiogopa kuuvunja.

"Unaota wenyewe?" nilinong'ona.

"Wenyewe," alisema baba, naye akiinama kuutazama, kama vile ndiyo kwanza anauona.